Hesabu madaraja kabla hujafika Moshi

Ndugu msomaji, siku utakapopanda basi la kutoka Arusha kwenda Moshi, omba kiti cha dirishani, mpakate mwanao, kisha mhesabu madaraja. Safari yenyewe ni fupi, kilomita 80 hivi, na abiria wengi huimaliza kwa usingizi. Nyinyi msilale. Mtagundua jambo dogo ambalo baadaye halitawatoka kichwani: kila mto mtakaouvuka hutoka mkono wa kushoto na kwenda mkono wa kulia. Hakuna hata mmoja uendao kinyume. Mwulize mtoto sababu yake, naye atakujibu upesi, kwa maana Mlima Meru anauona kushoto, na Kilimanjaro unawangoja mbele, kushoto vile vile. Halafu mwulize swali la pili: huko kulia, katika nyika ile kavu yenye vumbi, maji yote hayo yanakwenda wapi? Hapo huenda mkanyamaza wote wawili.

Mimi niliipita barabara hiyo kwa miaka mingi pasipo kujiuliza swali hilo. Nilipojiuliza, ilinibidi nishuke katika basi. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zilikuwa bado, na mito ilikuwa imepungua kiasi ambacho mtu angeweza kuona wazi nani anayapata maji na nani hayapati. Nilikwenda kwa miguu, kwa pikipiki, na mara mbili nyuma ya gari la mizigo lililobeba vitunguu.

Jibu la swali lile ni mto uitwao Kikuletwa. Ni mto mfupi, wala hausifiwi kama Rufiji au Ruvuma. Chanzo chake kiko katika mitelemko ya kusini ya Meru, kisha hushuka tambarare na kugeukia mashariki, ukienda sambamba na barabara yako bila ya wewe kuuona. Vijito vyote unavyovuka juu ya madaraja ni watoto wake, nao huwapokea mmoja baada ya mwingine, hadi unapoingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo hukutana na ndugu yake, mto Ruvu, utokao Ziwa Jipe mpakani mwa Tanzania na Kenya. (Msomaji wa Dar es Salaam asichanganye mambo: huu si ule Ruvu umleteao maji ya bomba, ambao hutoka milima ya Uluguru.) Kutoka bwawani mto hubadili jina ukaitwa Pangani, nao husafiri zaidi ya kilomita 400, ukipita Korogwe na Hale, hadi Bahari ya Hindi katika mji wenye jina hilo hilo. Basi wewe uliyekaa dirishani unavuka mizizi ya mto Pangani mzizi mmoja mmoja, huku mtoto akihesabu kwa vidole.

Tuanze Arusha. Mto mkubwa wa mjini ni Themi, nao una wadogo zake: Naura, Kijenge, Burka na Ngarenaro. Jina hili la mwisho limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji meusi, na wakazi wa mtaa huo wanaweza kuamua wenyewe kama jina bado linafaa. Asubuhi niliyosimama kwenye daraja la Themi niliona kijana akiosha pikipiki, mama akimwagilia mchicha kando ya maji, na chupa za plastiki zimekwama chini ya jiwe. Maji yale hayaishii pale. Huteremka kusini hadi Kikuletwa, na huko chini wako watu wanaochota ndoo.

Ukitoka mjini utavuka Nduruma, kisha Tengeru, kisha Usa. Mji ulioota kando ya mto huu wa mwisho unaitwa Usa River, nusu Kiingereza, kana kwamba mto hauwezi kuwa mto ukitajwa kwa Kiswahili. Upande huu wa Meru ndio upande wa neema. Mawingu ya baharini hugonga mitelemko ya kusini na kumwaga mvua, na ardhi ya volkano ni nyeusi na laini. Ndiyo maana utaona migomba, kahawa, mashamba ya mbegu na nyumba kubwa za nailoni ambamo hulimwa maua ya kupelekwa Ulaya. Yote hayo hunywa katika vijito hivi hivi.

Mbele kidogo utavuka daraja ambalo nakusihi usilipite haraka. Mto wake ni mdogo, na jina lake ni Maji ya Chai. Jina halikutungwa na mshairi. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi, na mtu akiyateka katika glasi nyeupe huiona wazi. Rangi si tatizo. Tatizo halina rangi wala harufu. Meru ni mlima wa volkano uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake ina madini ya floraidi ambayo huyeyuka katika maji. Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi huyaharibu, na ikizidi mno kwa miaka mingi huathiri hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mwaka 1974 nchi yetu ilikubali kwa muda kiwango cha miligramu 8, kwa sababu ingefuata kile kidogo vijiji vingi vingebaki bila ya kisima chochote halali. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na hatimaye hadi 1.5. Maji ya Chai hukipita kiwango hicho mara nyingi.

Nilipokuwa mtoto niliwahi kuwacheka wenzangu wa huku kwa meno yao ya kahawia, nikidhani hawapigi mswaki. Naona haya kulikumbuka jambo hilo. Meno hayo hayakuchafuka mdomoni, bali yaliumbwa hivyo ndani ya ufizi, katika miaka minane ya kwanza ya mtoto, kwa maji aliyopewa na mama aliyempenda. Mama mmoja niliyemkuta akiuza ndizi mbivu kando ya barabara alimwita binti yake wa darasa la kwanza, akamwambia anionyeshe meno. Mtoto alifunga mdomo na kujificha nyuma ya kanga ya mamaye.

“Ameanza kuficha,” mama alisema. “Yule mkubwa sasa hacheki kabisa.”

Kama unaishi sehemu hizo, au una ndugu huko, yako mambo machache ya kujua, nayo si ya gharama. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki pale pale na hivyo huzidi ukali wake. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana ubaya huo, basi yawekwe kwa ajili ya watoto wadogo kwanza, watu wazima baadaye. Magadi yatumikayo kulainisha maharage na kupikia kiburu nayo mara nyingi huwa na floraidi nyingi, kwa hiyo yapunguzwe katika chakula cha mtoto. Na huko Ngurdoto, si mbali na daraja hili, kipo kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichofanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri, husagwa kuwa chenga, na chenga hizo hutiwa katika ndoo ya kuchujia. Watu wengine hawaipendi kwa sababu ya mifupa yenyewe. Nimekunywa maji hayo; hayana ladha ya nyama.

Baada ya Kikatiti migomba hukoma ghafla. Unaingia uwanda wa Sanya, mkavu, wenye miiba na upepo, ambamo uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971. Mvua hapa ni haba. Kwa mwaka mzima ni kama robo tu ya ile inyeshayo katika misitu ya Kilimanjaro inayoonekana kwa macho kule juu. Mto Sanya wakati wa kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Hesabu daraja lake, kisha msinzie kidogo mpaka Boma la Ng'ombe.

Halafu amkeni, kwa maana sasa inakuja mito ya Kilimanjaro: Kware, Kikafu, Weruweru na Karanga.

Dereva atakujulisha mwenyewe unapofika Kikafu. Injini itabadili sauti, malori yatatambaa kwa gia ndogo, na barabara itatumbukia katika bonde refu lenye kuta za miamba. Huko chini utaona maji meupe yakikimbia kati ya mawe. Mito ya Kilimanjaro imechimba mabonde ya namna hii toka msituni hadi tambarare, na jambo hili ndilo ufunguo wa maisha yote ya Uchaggani. Mto uko chini bondeni, lakini watu na migomba yao wako juu ya migongo iliyo kati ya bonde na bonde. Mtu wa Machame anaweza kuusikia Kikafu usiku kucha akiwa kitandani, na asiwe na kikombe kimoja cha kuupandisha.

Wazee walipata ufumbuzi zamani sana, na wasafiri wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliukuta unafanya kazi. Huwezi kuyapandisha maji, basi yaendee yalikoanzia. Panda mtoni mpaka mahali palipo juu kuliko shamba lako, ziba sehemu ya mto kwa mawe, udongo na magome ya migomba, kisha chimba mfereji mdogo unaotambaa ubavuni mwa bonde kwa mteremko mdogo mno kuliko ule wa mto. Mto unashuka haraka, mfereji unashuka polepole, na baada ya kilomita kadhaa mfereji unajikuta juu ya mgongo, karibu na mlango wa nyumba. Palipokuwa na korongo, maji yalivushwa kwa magogo yaliyotobolewa. Mfereji huu ndio mfongo. Hakuna aliyeuchora kwenye karatasi. Wengine husema walipima mteremko kwa kuyafuata maji yenyewe, wakichimba hatua moja na kutazama yanaelekea wapi.

Nilimkuta mzee mmoja wa Machame akisafisha mfongo wa ukoo wake kwa jembe, suruali imekunjwa magotini. Nilimwamkia, akaniitikia “Marahaba, mwanangu,” akaendelea kulima tope mpaka alipomaliza hatua yake. Kisha alinieleza sheria. Mfongo una mzee wake na una zamu zake. Nyumba hii hupata asubuhi, ile hupata jioni, na wa mbali hupata usiku. Siku ya kusafisha asiyetokea hutozwa faini, zamani pombe, siku hizi fedha. Aibaye zamu ya mwenzake huitwa mbele ya wazee.

“Na wale wa chini ya barabara,” nilimwuliza, “wana zamu gani?”

Alicheka. “Hao hawamo katika mfongo wetu.”

Lakini si kwamba hawajui. Desturi ya Uchaggani ni kwamba nyumba ina kihamba huku juu, chenye migomba na kahawa, na ikiwezekana ina shamba huko chini tambarare kwa ajili ya mahindi na maharage. Vihamba vikagawanywa toka baba kwa wana, toka wana kwa wajukuu, hadi vingine vikawa vidogo kama ua wa nyumba ya mjini. Basi wengi walihamia mashambani huko chini moja kwa moja. Mzee huyu ana dada yake anayeishi Kikafu Chini, kijiji kilicho upande wa kulia wa barabara, ambako ndugu yetu msafiri huona nyika tu. Aliposikia kwamba naelekea huko, alikata mkungu wa ndizi, akaufunga kwa kamba ya mgomba.

“Mpelekee mdogo wangu. Mwambie nimemsalimu.”

Hivyo nilishuka Kikafu na mkungu begani. Kadiri nilivyoshuka ndivyo nilivyoelewa lile ambalo sikuwahi kuliona dirishani. Kila baada ya umbali mfupi palikuwa na ukingo wa mawe, na kila ukingo uligeuza sehemu ya mto kuipeleka kulia au kushoto. Baadhi ya mifongo imesakafiwa kwa saruji. Mingi ni ya udongo, na sehemu kubwa ya maji yaingiayo hupotea njiani, yakinywewa na ardhi kabla ya kufika kwenye jani lolote. Mto uliokuwa na kelele juu ya barabara ulikuwa ukinong'ona tu nilipofika kijijini.

Mama yule nilimkuta katika shamba la nyanya lenye majani yaliyonyauka, ameketi chini ya mti akiwa na jembe lakini hana la kulimia. Ilikuwa zamu yake. Zamu ilianza alfajiri, na mfereji ulikuwa mkavu. Nilimpa salamu na mkungu. Aliutazama, akaupapasa kama anayempima mtoto aliyenenepa.

“Ndizi zimenawiri,” alisema. “Kaka yangu ana maji mengi.” Kisha akacheka, nami nikacheka, lakini yeye aliacha mapema. “Ukirudi mwambie ndizi nimezipata. Mwambie sasa aniletee maji yaliyozistawisha.”

Msomaji, ni rahisi kumtafutia mwizi katika hadithi hii. Nilijaribu, nikashindwa. Mzee wa Machame hakuiba. Mfongo wake ni mkongwe kuliko barabara. Mama wa Kikafu Chini hadai zawadi; naye ni mtoto wa nyumba ile ile. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma, na kwamba mtumiaji awe na kibali. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanza kama ofisi ya bonde mwaka 1991 na ambayo makao yake ni Moshi, ndiyo itoayo vibali hivyo, na wananchi huhimizwa kuunda jumuiya za watumiaji maji ili wa juu na wa chini wakae meza moja. Naliona jambo hilo kuwa jema. Lakini kibali huandika kiasi cha maji, na mwezi wa Oktoba mto hausomi kibali. Aliye juu hupata kwanza, si kwa ubaya wake bali kwa sababu maji humfikia kwanza, na hamwoni yule anayemkosesha. Kati yao iko barabara kuu, na kuna sisi tunaopita juu ya daraja tumelala.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hulikosea, nami nilikuwa mmoja wao. Tumezoea kusema kwamba mito hii ni theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka. Kweli barafu ya mlima imepungua mno. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Hata hivyo mchango wake katika mito ni mdogo sana. Maji ni ya msitu. Mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka hunyesha katika ukanda wa miti mikubwa, ukungu hugandamana na kuvumwani zilizoning'inia matawini na kudondoka tone kwa tone, na ardhi huyashika maji hayo na kuyaachia polepole. Mwaka 2005 hifadhi ya msitu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa hiyo mtu akitaka kuihofia Kikafu, asitazame kilele peke yake; atazame pia moto unaowashwa na warina asali katika kiangazi, hapo msitu unapokoma.

Si maji yote ya msitu yapitayo mtoni. Mengine huzama katika miamba yenye nyufa na kusafiri gizani. Nayajua yanakotokea, na wakazi wa Moshi na Arusha nao wanapajua, kwa maana Jumapili hujaza mahali hapo kwa nyama choma na muziki: ni Chemka, katika Rundugai. Unafika ukiwa umejaa vumbi jeupe, huoni chochote isipokuwa miiba, na ghafla kuna kisiwa cha miti mikubwa, na katikati yake dimbwi la maji ya buluu, maangavu hata unaona mchanga wa chini. Wengi hupaita Maji Moto, ingawa moto wenyewe ni wa uvuguvugu tu. Vijana hujirusha kwa kamba. Samaki wadogo huja kukudonoa nyayo, na watoto hupiga mayowe. Mchukue mwanao, lakini usimwache peke yake, kwa sababu maji yana kina na mkondo wake una nguvu.

Nilikaa kandoni mpaka waogaji wakaondoka. Chemchemi hii na nyingine za jirani ndizo ziupazo Kikuletwa sehemu kubwa ya maji yake ya kiangazi, wakati vijito vya juu vinapokuwa vimekwisha kugawanywa. Mvua iliyonyesha mlimani, ambayo hakuna mfongo ulioikamata, hujitokeza hapa. Ndiyo pekee ambayo wa juu hawakuweza kuigusa, na nadhani ndiyo sababu mto haujafa.

Karibu na hapo kiko kituo kidogo cha umeme wa maji kilichojengwa miaka ya 1930 na kusimama katika miaka ya 1980. Sasa kiko chini ya Chuo cha Ufundi Arusha, na vijana hufundishwa mambo ya nishati hapo. Kuelekea mashariki, kusini mwa mji wa Moshi, utayaona mashamba ya miwa ya TPC, yaliyoanza katika miaka hiyo hiyo ya 1930, kijani kibichi katikati ya nchi iliyokauka. Miwa hunywa sana. Weruweru na Karanga hufika upande huo, nao Kikafu pia, na wote hatimaye huungana katika Kikuletwa, ambao sasa umekuwa mto kweli: mpana, wa rangi ya udongo, wenye kingo zinazobomoka.

Mwisho wake ni Nyumba ya Mungu. Bwawa hili lilikamilika katikati ya miaka ya 1960, na linapojaa huenea kilomita za mraba zipatazo 140, likigusa wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro. Miaka michache baada ya kujaa samaki walikuwa wengi hata watu wakaja kutoka mbali kujenga vijiji ufukoni. Kisha samaki wakapungua, na uvuvi umewahi kufungwa ili wazaliane. Nilipofika maji yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha tope lililopasuka ambalo watoto walilifanya kiwanja cha mpira. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniuliza nimetoka wapi. Nilimwambia Machame, kwa kufuata maji. Alinitazama kwa huruma.

“Wenzetu huko juu wakifunga,” alisema, “sisi huku tunajua baada ya wiki mbili.”

Kutoka hapa ndipo umeme huanza. Mtambo wa Nyumba ya Mungu hutoa megawati 8, Hale iliyofunguliwa mwaka 1964 ni megawati 21, na Pangani mpya, iliyoanza mwaka 1995, ni megawati 68. Ukizijumlisha hazifiki hata 100, na leo mtu akizilinganisha na megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji ataziona ni mshumaa. Katika miaka ya 1990 hazikuwa mshumaa. Umeme ulikuwa wa mgao, na mkulima wa mfongo aliambiwa kwamba kila ndoo anayoitia kwenye mgomba inazima taa mjini. Wakulima nao walijibu kwamba taa hazijawahi kuwafikia wao. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Nyaya zilipita juu ya mapaa yao ya bati zikaenda mbali.

Nilirudi kwa njia ya Machame kwa sababu ya ahadi. Mzee nilimkuta amekaa kibarazani. Nilimpa ujumbe wa dada yake neno kwa neno, pamoja na kile kicheko. Hakucheka. Aliuliza nyanya zimefikia wapi, nikamwambia zimeanza kuweka matunda. Aliuliza zamu yake ni lini tena, nikamwambia alfajiri ya Jumatano. Alinyamaza muda mrefu, akichora mstari mchangani kwa fimbo. Kisha akasema atazungumza na wenye zamu ya usiku wa Jumanne, wafunge mfongo wao mapema, maji yabaki mtoni.

“Usiku mmoja hautatuua,” alisema.

Nilirudi kazini. Siku ya Ijumaa nilimpigia simu yule mama wa Kikafu Chini kumwuliza kama maji yalifika.

“Yalikuja, mwanangu,” alisema. “Niliyasikia usiku kabisa. Yalifika hadi kwa jirani yangu wa juu. Naye ana nyanya.”

Kisha akaniuliza kama nitapita tena Machame siku za karibuni, kwa maana mkungu ule ulikuwa mtamu.